Naomba ushauri: ramani za Kichina kwa anayekwenda Guangzhou

Wakuu habari zenu. Mwezi ujao naenda Guangzhou kufuata vitambaa, safari yangu ya kwanza. Google haifunguki kule bila VPN, kwa hiyo nimeshusha Baidu Maps. Picha zake za mitaani, zilizoanza 2013, zimenisaidia mno: nimeona soko la Zhongda, hadi pikipiki zilizobeba majora. Ila nukta ya GPS niliyotumiwa na rafiki inaangukia mtaa mwingine kabisa. Ramani za China kisheria hutumia mfumo wa GCJ-02, unaosogeza nukta hata mamia ya mita. Mliozoea, mnaibadilishaje? Au Amap, programu nyingine ya ramani ya Kichina, ni rahisi zaidi kwa asiyesoma Kichina? Nisaidieni jamani, nabeba hela za watu, siwezi kupotea.