IST, Aqua au Leaf kwa mtu wa Kimara–Posta?

MtuWaKimara: Wakuu, IST yangu ya cc 1300 imechoka. Mizunguko yangu ni Kimara–Posta, kwenda na kurudi haizidi kilomita 40. Nimebakiza tatu: IST nyingine, Aqua ya haibridi (petroli na umeme pamoja), au Nissan Leaf ya umeme mtupu kutoka Japani. Kwenye Leaf kinachonivuta ni hesabu tu, mazingira tuwaachie wenye nafasi. LUKU ya 10,000 inanipa uniti 28. Hiyo 10,000 sheli haifiki lita nne.

fundi_umeme_tmk: Hesabu iko sawa. Leaf inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100, na nyingine kidogo zinapotea wakati wa kuchaji. Foleni haiitishi, ikisimama inayokula ni kiyoyozi tu. Ila usinunue kwa kuangalia mwaka. Muombe muuzaji picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, uhesabu vistari vya kulia kabisa, ndivyo vinavyoonyesha uzima wa betri. Betri nzima ina 12. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na joto la Dar unalijua. Matoleo ya kwanza yalikuja na betri ya uniti 24. Ukikuta vistari nane, jua imebaki kama theluthi mbili.

Bi_Mkubwa82: Mie nauliza moja tu, gari linalala wapi? Nimekaa nyumba ya kupanga, wapangaji wanne LUKU moja. Jirani aliponunua friji tuliitisha kikao. Sasa wewe upitishe waya dirishani usiku kucha!

MtuWaKimara: 😂 Dada, LUKU ninayo yangu. Ila gari nalilaza kwa mzee mmoja mwenye geti, namlipa kwa mwezi.

Bi_Mkubwa82: Basi anza na huyo mzee, vistari baadaye.

dalali_mstaafu: Na siku ya kuuza? IST unabandika karatasi kwenye kioo, wiki haiishi simu zimeita. Leaf mteja atauliza betri imebaki kiasi gani, umjibu, asionekane tena. Watu wanaogopa hapo, wala si bei ya umeme. Aqua huchomeki popote, inajichaji kwa injini yake na ukikanyaga breki. Betri yake nayo ina siku yake, lakini mafundi wa kubadilisha seli wapo.

fundi_umeme_tmk: Dalali kasema kweli kwa anayebadilisha gari kila mwaka. Wa kukaa nalo miaka sita asibabaike. Umeme ukikatika nako, kwa kilomita 40 unachaji leo, kesho unapumzika. Plagi ya kawaida, kutoka sifuri hadi kujaa ni kama saa kumi.

MtuWaKimara: Nimetoka kwa mzee. Amekubali, nifunge mita ndogo pembeni ya yake na nilipe kila Jumamosi. Waya usipite kwenye banda la kuku. Nimeshamuandikia muuzaji anitumie picha ya dashibodi.