Kurudi kufundisha kikapu kwenye chuo ulichochezea: njia ipi?

Shangani_7: Habari wadau wa kikapu kusini. Mtu aliyechezea chuo hapa Mtwara, sasa ni mwalimu wa sekondari Lindi, anataka siku moja awe kocha mkuu wa chuo chake. Aombe nafasi ikitokea tu, au kuna pa kupitia kwanza? Wale wa Marekani wanaorudi vyuoni kwao walipitaje?

Ringi305: Mkuu, mtazame Mark Pope. Alikuwa nahodha wa chuo cha Kentucky kilipotwaa ubingwa wa vyuo Marekani 1996, ila medali haikumpa timu. Ukocha mkuu aliuanzia chuo kidogo cha Utah Valley 2015, akahamia chuo cha BYU 2019, ndipo Kentucky ikamwita 2024. Hubert Davis alipita mlango wa ndani: alikichezea chuo cha North Carolina hadi 1992, akarudi 2012 kama msaidizi, timu akakabidhiwa 2021 na msimu wa kwanza tu akaifikisha fainali.

Aliyepata tabu ni Patrick Ewing. Bingwa na chuo cha Georgetown 1984, msaidizi NBA miaka mingi, lakini hadi anapewa chuo chake 2017 hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Mwaka 2021 alibeba kombe la Big East, ligi ya vyuo anamocheza Georgetown. Msimu uliofuata akapoteza mechi zote 19 za ligi hiyo. Akaondolewa 2023. Kwa hiyo huyo mwalimu asikimbilie. Sekondari ya Lindi ndiyo Utah Valley yake.

Kusi_na_Kikapu: Naunga mkono. Aanze na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, misimu miwili au mitatu, huku akiulizia kozi za makocha za TBF, shirikisho la kikapu Tanzania, kupitia chama cha mkoa. Likizo aombe kusaidia mazoezi pale chuoni, hata bila posho, ili mshauri wa wanafunzi na viongozi wa michezo wamjue kwa kazi na si kwa jina la zamani.

Na awe na daftari. Kila mechi aandike mitupo, iliyoingia, rebaundi na mipira iliyopotea. Timu ikipoteza mipira 25 ndani ya dakika 40, asiguse mipango ya kushambulia. Arudi kwenye kupokea pasi kwa miguu miwili na kugeuka bila kutembea na mpira. Daftari hilo ndilo la kuweka mezani siku ya usaili.

Shangani_7: Shukrani wakuu. Uwanja wa shule ni wa nje, saruji, na ringi imeinama. Ina madhara?

Ringi305: Makubwa! Ukingo wa juu wa ringi uwe mita 3.05 kutoka chini. Ikishuka hata sentimita 10, vijana wanazoea kutupa mpira bapa, wakifika kwenye ringi sahihi unagonga mbele na kurudi. Mpelekeeni fundi wa kuchomelea, na mkataze kuning'inia.

Mstari wa mtupo huru nao wengi wanaukosea kwa kupimia kwenye nguzo. Shusha timazi kutoka uso wa ubao, weka alama chini, kisha pima mita 4.60 kwenda uwanjani.

Kusi_na_Kikapu: Mpira uwe wa raba, namba 7 kwa wavulana na 6 kwa wasichana, wa ngozi saruji inaula upesi. Kusi ikivuma, mitupo ya pointi tatu inayumba, basi wafundishe kupiga ubaoni kutoka pembeni.