Tangu lini foleni ya meza ya Bwana ikawa kubwa kuliko kupatana?

Wanajamvi, leo nimekuja na hasira, mnivumilie. Tumefika mahali ambapo kitambaa cha madhabahu kikikaa upande kinaitiwa kikao, ila waumini wawili wakikaa muda mrefu bila kusalimiana hakuna anayeuliza kitu.

Juzi kanisani kwetu, katikati ya meza ya Bwana, dada mmoja alichomoka kwenye mstari akaelekea mabenchi ya upande wa pili. Wote tulijua anamfuata nani. Mzee wa zamu akamuwahi, akamshika kiwiko, akamwonyesha foleni kwa kidole. Akarudi. Akapokea mkate machozi yanamtoka, na yule mama waliyekosana naye akapokea nyuma yake, wakapishana kama hawajuani. Kwenye matangazo tukaonywa tusivuruge ibada!

Ibada ipi hiyo? Someni Mathayo 5:23-24. Mtu ameshafika madhabahuni, sadaka anayo, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache palepale, akapatane kwanza, ndipo arudi kuitoa. Hakusema asubiri matangazo yaishe. Mwenye ibada ameruhusu isimame, sisi tunakataa kwa niaba yake.

Na kinachonikera zaidi ni hiki. Kila tukishiriki tunasomewa 1 Wakorintho 11, lakini msomaji anaanzia mstari wa 23, pale Paulo anaposimulia usiku ule Bwana Yesu aliotolewa. Mstari wa 20 hadi 22 unarukwa. Huko ndiko anakowachana Wakorintho: mkutanikapo, hicho si chakula cha Bwana, maana huyu ana njaa na yule amelewa. Mkate ulikuwepo, kikombe kilikuwepo, na bado aliwaambia si chenyewe. Tumekata karipio tukabakiza maneno matamu ya kusomea kwa sauti nzito.

Halafu nyie wa "Mungu anaangalia moyo, makanisa ya nini", msinishangilie, sipo upande wenu. Wengi wenu huo moyo mnautaja Jumapili asubuhi tu, mkiwa bado kitandani. Yoeli 2:13 inasema tuirarue mioyo yetu, si mavazi. Sogea mistari miwili mbele, nabii yuleyule anaagiza tarumbeta ipigwe, saumu itakaswe, watu wakusanywe, hadi wanyonyao. Na kilichomwinua yule dada ni meza yenyewe. Angebaki nyumbani na moyo wake, ugomvi ungeendelea kulala.

Sasa wachungaji na wazee wa kanisa mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: dhehebu lenu lina kanuni gani inayomzuia mtu kwenda kuomba msamaha ibada ikiendelea? Kama ipo, iwekeni hapa tuisome wote. Kama haipo, nani aliwatuma kushika watu viwiko?