Kompyuta ya mezani: ununue iliyo tayari au uunganishe mwenyewe?

Mwanzisha mada: Wakuu, kila anayeomba ushauri wa kompyuta ya mezani anaambiwa "unganisha mwenyewe, utaokoa hela." Mimi napinga. Mtu wa kuandika barua, kupiga hesabu na kuangalia video ahangaike na bisibisi ya nini? Viwanda hununua vipuri kwa maelfu. Kwa mashine za kawaida, ukijumlisha na leseni ya Windows, bei yao huifikii. Ikizingua, unabisha hodi mlango mmoja tu.

Mchangiaji 1: Kwa mashine ya ofisi sina ubishi, mkuu. Ila fungua kasha uone. Mimi nilinunua ya chapa kubwa, miaka mitatu baadaye nikataka kuweka kadi ya michoro, ile inayochora picha za kwenye kioo. Pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, ni wati 240, waya wa kulisha kadi haupo. Nikasema nibadilishe pawasaplai. Plagi zake kwenye ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, ni za kiwanda hicho peke yake! Kiwango cha ATX, cha vipimo na plagi za vipuri, kipo tangu 1995 ili kipuri cha huyu kikae kwa yule, wao wakachonga njia yao. Nikaishia kununua mashine nyingine nzima.

Mchangiaji 2: Na hiyo dhamana ya mlango mmoja mara nyingi ni mwaka mmoja. Pawasaplai nzuri ukinunua peke yake unapewa miaka 7, nyingine 10.

Mchangiaji 3: Dhamana ya vipande inamfaa anayejua kipande kipi kimekufa. Feni zinazunguka, kioo cheusi: ni RAM (kumbukumbu ya muda), ubao mama au prosesa? Kiwandani wana vya kujaribishia, wewe nyumbani una nini? Nilikesha siku mbili, nikamshuku kila mtu hadi muuzaji, kumbe waya wa umeme wa prosesa sikuuchomeka. Chekeni tu.

Mwanzisha mada: Nimecheka, lakini si ndiyo hoja yangu hiyo? Ingawa huyu wa wati 240 kanitia shaka.

Mchangiaji 2: Basi ugomvi wetu usiwe nani kashika bisibisi. Kuna mafundi wanaokuunganishia kwa vipuri vya kawaida, na bado unaibeba ikiwa tayari. Muulize modeli ya pawasaplai na ya ubao mama, akisitasita, ondoka. Tangazo linalosema "i7, RAM 16" halijasema kitu, maana i7 ni jina la familia ya prosesa za Intel, hata ya 2011 ni i7. RAM nayo, kijiti kimoja cha GB 16 si sawa na viwili vya 8, hasa kama huna kadi ya michoro: prosesa inachora kwa kutumia RAM hiyohiyo, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitisha data.

Mchangiaji 1: Tusisahau 2021. Kadi za michoro ziliadimika, na wengi walinunua mashine nzima ili wapate kadi iliyomo ndani. Wakati ule hata mimi ningenunua iliyo tayari.

Mwanzisha mada: Sawa, nalegeza. Iliyo tayari, ila kabla ya kulipa nafungua kasha nisome pawasaplai. Muuzaji akikataa nisifungue je?

Mchangiaji 3: Ameshakujibu huyo.