Uji wa moto kwenye plastiki na ubongo wa mtoto: nibadilishe kipi kwanza?

UjiWaMtama
Wakuu, mtoto ana miezi 7. Chupa yake ina namba 5 chini, bakuli halina namba yoyote, na uji humiminwa humo ukiwa unafuka moshi. Ni kemikali gani hasa inayofika kwenye ubongo? Nianze kubadilisha kipi?

KemiaYaJikoni
Anza na bakuli. Bila namba huwezi kujua ni plastiki gani. Namba 3 ni PVC, ambayo hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingi, ikiwemo polikaboneti, ile ngumu inayong'aa kama kioo, inayotengenezwa kwa kemikali iitwayo BPA (bisfenoli A). Namba 2 na 5 ni afadhali.

BPA huiga homoni ya kike, estrojeni. Yenyewe na thaleti pia huweza kuvuruga homoni ya tezi ya thairoidi, na hiyo ndiyo inayoelekeza seli za ubongo zikae wapi na ziungane vipi. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hutegemea homoni hiyo kutoka kwa mama. Kwa hiyo chakula cha moto cha mjamzito nacho kisikae kwenye plastiki.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto zenye BPA mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha BPA kinachovumilika mwilini kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani mara 20,000. Na usitulizwe na maandishi "haina BPA": mara nyingi huwekwa BPS, ndugu yake wa karibu.

Mlezi_Pwani
Naongezea, dada. Kinachokamua kemikali ni joto, mafuta na muda. Uji wenye maziwa, karanga au siagi unabeba zaidi kuliko maji matupu. Utie kwenye bakuli la chuma cha pua na umlishe kwa kijiko. Uji hauna kazi kwenye chupa.

UjiWaMtama
Asante. Na maziwa ya kopo je? Hayo lazima yapite kwenye chupa.

KemiaYaJikoni
Chupa ya kioo ndiyo bora. Ukibaki na namba 5, watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha mwaka 2020 kwamba maji ya moto na kutikisa huachia chembe za plastiki kwa mamilioni. Chemsha maji kwenye sufuria, changanya maziwa kwenye jagi la kioo au chuma maji yakiwa hayajashuka chini ya nyuzi 70, maana joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya kwenye unga wa maziwa. Yaache yapoe hadi uvuguvugu, ndipo umimine. Chupa ikishachemshwa, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikichubuka au kufifia, itupe.

Mlezi_Pwani
Na wali usifunikwe kwa mfuko wa nailoni, hasa mweusi. Jani la mgomba linatosha.