Samoa kwa pasipoti ya Kongo, kutoka Lubumbashi: viza za njiani, kadi ya njano, Jumapili

Mwana_Kamalondo
Jambo bandugu. Tuko wawili, tunataka kwenda Samoa siku 12 mwezi wa saba, tukitokea L'shi. Nasikia ruhusa ya kuingia wanagonga palepale uwanjani, hata kwa pasipoti ya Kongo. Ni kweli? Tena chanjo, falanga, motuka ya kukodi, na Jumapili watu wanakula wapi? Kila ninachokuta kimeandikiwa Wazungu.

Luano_Piste
Ni kweli, yaya. Wanataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele, na tiketi ya kutoka. Samoa yenyewe si shida, shida iko njiani. Ndege za Apia, mji mkuu wao, zinatokea Auckland kule Nyuzilandi, Sydney, Brisbane au Nadi kule Fiji. Ukipita Auckland, pasipoti yetu inadaiwa viza ya transiti hata kama hutoki nje. Inaombwa kwa intaneti kabla ya safari, na inakupa saa 24 tu, ndani ya uwanja.

Watu wanakwama hapa: wananunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu zimeshuka bei. Valizi inaandikiwa kuishia Auckland. Ili uichukue lazima upite uhamiaji, na viza ya transiti haikuruhusu kupita. Hayo yanaonekana mapema kwenye kompyuta ya kaunta, unakatazwa kupanda ukiwa bado Luano, uwanja wetu wa L'shi. Nunua tiketi moja, valizi iandikwe APW mpaka mwisho. APW ni uwanja wa Faleolo, kama kilomita 35 toka Apia. Ukiona PPG, acha: hiyo ni Pago Pago, Samoa ya Marekani, masharti yake ni mengine kabisa na tarehe yake iko nyuma siku moja. Samoa iliruka Ijumaa ya 30 Desemba 2011 ikahamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, majirani wakabaki. Sasa saa mbili asubuhi L'shi, Apia ni saa moja jioni, siku ileile.

Kadi ya njano lazima, maana unatoka inchi yenye homa ya manjano. Chanjo inahesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado inafaa.

Nguba_BKV
Naongeza la homa. Samoa hakuna malaria, na hapo ndipo hatari ilipo kwetu. Malaria unaweza kutoka nayo huku ndani ya damu, ikakuangusha wiki moja baada ya kufika. Daktari wa kule atafikiria homa ya dengi kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo wanayo. Mwambie bila kuulizwa: natoka Kongo, nipime malaria. Beba dozi kamili ya dawa ya malaria, artemeta-lumefantrini, katika boksi lake, pamoja na karatasi ya daktari. Mpaka dengi iondolewe, homa itulizwe kwa parasetamoli tu. Aspirini na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mbu wa dengi anauma mchana, neti ya usiku haitoshi.

Mama_Bikwembe
Chakula cha Jumapili nunueni Jumamosi. Maduka mengi yanafungwa, mabasi hayatembei, watu wako kanisani kisha nyumbani. Mkilala kwenye fale (vibanda vya wazi) za ufukweni, ulizeni kama chakula kimo ndani ya bei. Jioni, kama saa kumi na mbili au moja, kengele au baragumu ya kombe inalia: ni saa ya sala ya familia. Usikatize kijiji kwa miguu, simama pembeni dakika kama 15 mpaka ilie tena.

Kikwembe ndiyo kitu cha kwanza cha kuweka kwenye valizi, mwanaume naye. Wao wanakiita lavalava, wanafunga kiunoni mpaka chini ya magoti. Nguo ya kuogea ibaki ufukweni.

Dola haipokelewi dukani kule, si kama kwetu. Badilisha upate tala, pesa ya Samoa, uwe na noti ndogo, maana kila ufukwe na kila maporomoko yana kijiji chake, na kijiji kinatoza kiingilio taslimu.

Birere_Goma
Sisi watu wa ziwa tunajidanganya kwa maji ya bahari. Kivu haipwi wala haijai, bahari inafanya hivyo mara mbili kwa siku. Mawimbi yanamwaga maji juu ya mwamba wa matumbawe, maji yanajaa upande wa ndani, kisha yanatafuta pa kutokea: ule mlango wa mwamba. Ukiwa ufukweni unauona kama utepe wa rangi nzito usiopasuka wimbi. Panaonekana patulivu kuliko kote, na ndipo panapovuta, hasa maji yakipwa. Ukibebwa usipigane nayo, ogelea kwa kukata kando.

Kisiwani Savai'i, pale Saleaula, utakuta lava ya volkano ya Matavanu ya 1905 mpaka 1911 iliyoingia kanisani. Mtu wa Goma hatashangaa, ila viatu vya kufunga, yaya, si sandali.

Mwana_Kamalondo
Aksanti sana bakubwa. Na motuka?

Luano_Piste
Wanaendesha kushoto tangu 7 Septemba 2009, ili ndugu walioko Australia na Nyuzilandi waweze kutuma motuka za bei nafuu. Kama umezoea kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Chingola, Zambia, hakuna jipya. Permi yetu ni ya Kifaransa, beba na ile ya kimataifa. Kule utakatiwa leseni ya muda. Spidi ni kilomita 40 kwa saa vijijini, 56 nje. Usiku usiendeshe: mbwa na nguruwe wanalala barabarani. Kabla ya kupandisha motuka kwenye feri ya Mulifanua kwenda Salelologa, soma mkataba, wengine wanakataza. Prizi ni za Australia, pini bapa za kuinama. Umeme ni volti 230, adapta inatosha.

Mwana_Kamalondo
Kadi ya njano ya mke wangu ina majina mawili, pasipoti ina matatu.

Luano_Piste
Airudishe kwa waliomchanja, pamoja na pasipoti, waandike jina, postinomu na prenomu kwa mpangilio uleule. Tiketi mnunue baadaye.