Mjadala: Modeli za tabianchi zinapopishana na masika, tupange maji na chakula kwa kufuata nini?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, naleta hoja ambayo imenikosesha raha kwa miaka kadhaa. Modeli kubwa za tabianchi za dunia, yaani programu za kompyuta zinazoigiza mwenendo wa anga na bahari, kwa sehemu kubwa zinaonyesha kwamba kadiri joto linavyoongezeka, ndivyo mvua za Afrika Mashariki zitakavyozidi. Lakini vipimo vya tangu miaka ya 1980 hadi kuelekea mwaka 2010 vilionyesha kinyume chake kwa upande wa masika: mvua za Machi hadi Mei zilipungua katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Watafiti wamelipa jambo hili jina la kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Basi nauliza: je, serikali zetu zipange mabwawa, mbegu na akiba ya chakula kwa kufuata vyombo ambavyo vimepishana na macho yetu katika jambo lenyewe tunalolitegemea?

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sharti ambalo mpaka sasa halitimizwi ipasavyo: kila utabiri utangazwe pamoja na rekodi yake ya kupatia na kukosea, tena kwa msimu ule ule na eneo lile lile.

Nieleze kwanza kwa nini siungi mkono wanaotaka modeli zitupwe. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu angani, uso wa dunia utapata joto la zaidi ya nyuzi 2, na kwamba tabaka la juu la anga, stratosfia, litapoa badala ya kupata joto. Kompyuta yao ilikuwa duni sana ukiilinganisha na simu aliyonayo msomaji wa leo, na modeli yao iliichukulia anga kama nguzo moja ya hewa isiyo na bahari wala milima. Hata hivyo miaka iliyofuata ilithibitisha yote mawili: chini kumepata joto, juu kumepoa. Modeli ile ilifaulu kwa sababu iliulizwa swali ambalo fizikia iliyokuwamo ndani yake ilitosha kulijibu.

Masika ni swali la aina nyingine kabisa. Modeli ya dunia nzima huigawa anga katika visanduku, na vingi kati ya vile vilivyotumika katika miongo iliyopita vilikuwa na upana wa kilomita 100 au zaidi. Ndani ya kisanduku kimoja cha namna hiyo hukaa kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, mashamba ya migomba ya Uchagani na nyanda kame zilizo chini yake, na vyote hupewa mwinuko mmoja na mvua moja. Mawingu yanayoleta mvua kubwa za mchana kwetu yana upana wa kilomita chache tu. Modeli haiyaoni, hivyo huyakadiria kwa kanuni za jumla. Matokeo yake ni kwamba modeli nyingi, zikiambiwa ziigize hali ya hewa ya miaka ambayo tayari tunaijua, hutoa vuli yenye mvua nyingi kuliko ilivyokuwa na masika yenye mvua haba kuliko ilivyokuwa. Chombo kinachokosea kuchora yaliyokwisha kutokea hakipaswi kusikilizwa kwa sauti ile ile kinapochora ya mwaka 2060.

Sasa tutazame upande ambako modeli zimetufaa na sisi hatukuzifaa. Katika nusu ya pili ya mwaka 2010 ilionekana kwamba La Niña, yaani kupoa kuliko kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ya kitropiki, imejitokeza, na mashirika ya tahadhari ya mapema yakaonya kwamba Pembe ya Afrika itakosa mvua. Vuli ilikatika, kisha masika ya 2011 nayo ikawa mbaya. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, na msaada mkubwa ulianza kumiminika baada ya tangazo hilo. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema watu wapatao 258,000 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ni kweli kwamba vita na vikwazo vya kufikisha misaada vilichangia sana, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba onyo halikutolewa. Kila ninaposikia mtu akitangaza kuwa utabiri hauna maana, huwakumbuka watoto hao.

Kwa hiyo naomba tutofautishe utabiri wa msimu, ambao hupata nguvu zake kutokana na hali ya bahari iliyokwisha kupimwa, na makadirio ya nusu karne ijayo. Hata ndani ya utabiri wa msimu vuli si masika. Vuli hufuata kwa karibu joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo hutabirika vizuri zaidi. Masika ni kaidi. Mwananchi anayesikia redioni matangazo mawili yenye maneno yale yale, "wastani hadi juu ya wastani", hana njia ya kujua kwamba tangazo moja lina uzito kuliko jingine.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekuwa afisa ugani katika nyanda za chini za kaskazini mwa Tanzania kwa muda mrefu, na nakubaliana nawe nusu. Mwaka mmoja tuliletewa utabiri wa mvua za juu ya wastani. Niliwashauri wakulima wangu wanunue mbegu ya mahindi ya muda mrefu, kwa kuwa huzaa zaidi. Mvua ilianza vizuri, palizi ya kwanza ikafanyika, kisha ikakatika mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele. Tulivuna mabua. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama ningekubali kulipa nusu ya mbegu, na sikuwa na jibu.

Jumla ya mvua ya msimu ule, nilipokuja kuiona, haikuwa mbaya sana. Tatizo lilikuwa mgawanyo: nyingi ilinyesha kwa siku chache za mwanzo. Mkulima hahitaji kujua mvua itakuwa milimita ngapi kwa msimu mzima kama anavyohitaji kujua itaanza lini, itakatika lini, na kama kutakuwa na wiki tatu za ukavu katikati. Rekodi unayoidai ikihesabu jumla peke yake, itaipa modeli alama nzuri katika mwaka ambao sisi tulilala njaa.

Mchangiaji wa pili

Nafanya kazi inayohusiana na takwimu za hali ya hewa, na napenda kusahihisha mambo mawili bila kumvunjia heshima yeyote.

Kwanza, tusiseme kwa haraka kwamba modeli zilishindwa na masika. Kuna maelezo zaidi ya moja. Huenda kupungua kule kulitokana na mabadiliko ya asili ya bahari yanayochukua miongo, ambayo hakuna aliyetarajia modeli ziyapatie mwaka kwa mwaka. Huenda modeli zina kasoro ya kweli. Na huenda yote mawili yana sehemu yake. Uchunguzi umeonyesha pia kwamba upungufu ulitokana kwa kiasi kikubwa na msimu kufupika, yaani kuchelewa kuanza na kuwahi kwisha, jambo linaloungana na aliyosema ndugu afisa ugani. Kisha masika ya 2018, 2020 na 2024 yalikuja na mafuriko. Anayechora mstari kutoka 1985 hadi 2009 na kuuita hatima ya masika naye anatumia modeli, tena dhaifu kuliko zile anazozilaumu, kwa sababu mstari wake hauna bahari ndani yake.

Pili, maneno "wastani hadi juu ya wastani" yamesababisha madhara makubwa. Utabiri wa msimu wa ukanda wetu hutolewa kwa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Mtu asiyejua lolote angetoa theluthi moja kwa kila fungu. Tuseme wataalamu wametoa asilimia 45 kwa fungu la juu, 35 kwa la kati na 20 kwa la chini. Hapo wamesema kwamba mwaka mmoja kati ya mitano ya namna hiyo utakuwa wa mvua chini ya wastani. Tangazo likifika redioni, limekuwa "mvua nyingi zinakuja", na ule mwaka mmoja umetoweka njiani. Utabiri huo haukosei mvua haba inapotokea mara moja kati ya tano. Ungekosea kama mvua haba isingetokea kamwe.

Mchangiaji wa tatu

Kumbukeni mwaka 2015. El Niño ya mwaka ule, yaani kupata joto kuliko kawaida kwa maji ya Pasifiki, ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kubwa zaidi kuwahi kupimwa, na kila aliyekumbuka mafuriko ya 1997 alijiandaa kwa mengine ya aina ile. Hayakuja kwa kiwango kile katika sehemu nyingi za nchi yetu ya Kenya, na watu wakahisi wamedanganywa. Mwaka 2019, ambao haukuwa na El Niño ya kutisha, tulifurika kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kubwa kuliko upande wa Indonesia. Nasema hivi kwa hofu ya kweli: mkibandika rekodi ya makosa juu ya kila tangazo, mtu aliyejenga kando ya mto atasoma neno "makosa" peke yake na hatahama.

Mtoa mada

Nawashukuru wote. Ndugu afisa ugani amenisahihisha, nami nakubali: rekodi ihesabu kuanza, kukatika na vipindi vya ukavu, la sivyo haina kazi shambani.

Kwa ndugu wa tatu, naona mambo kwa namna tofauti. Wakenya wa 2015 hawakukasirika kwa sababu walionyeshwa rekodi. Walikasirika kwa sababu walipewa uhakika ambao modeli zenyewe hazikuwa nao. Tangazo lingesema kwamba El Niño bila joto la kutosha katika Bahari ya Hindi magharibi huleta mvua ya kadiri, aliye kando ya mto angejua la kufuatilia kadiri wiki zinavyokwenda. Na wazee wanaotabiri kwa kutazama miti na upepo, ambao hata wataalamu wa hali ya hewa wamekaa nao kama ilivyofanyika kwa wazee wa Nganyi magharibi mwa Kenya, wapewe heshima ile ile ya kuandikiwa walichosema kabla ya msimu na kilichotokea baada yake.

Linalobaki kunisumbua ni lile ambalo sharti langu haliwezi kulifikia. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, litategemea mvua za miongo mingi ijayo, na kwa kusini mwa Tanzania baadhi ya modeli huongeza mvua na nyingine huipunguza. Makadirio ya mwaka 2060 hayana rekodi, na hayatakuwa nayo mpaka uamuzi uwe umekwisha kufanyika. Kuchukua wastani wa modeli hizo na kuuita mpango ni hatari, kwa maana wastani wa mafuriko na ukame ni mwaka wa kawaida ambao hakuna modeli hata moja iliyousema. Ningetaka wahandisi waambiwe pande zote mbili, kisha waulizwe ni kwa kiwango gani cha maji umeme utaanza kukatika na kwa kiwango gani vijiji vya chini ya bwawa vitaanza kufurika. Hayo ni maswali juu ya bwawa lenyewe, nayo yanajibika leo.